Kupisha, Kuhama na Kuhamishwa: Maneno katika Mgogoro wa Mji Mpya wa Kigamboni

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu aliyesimama njiani akiambiwa "nipishe", husogea kando, mwenzake hupita, naye hurudi pale alipokuwa. Kitenzi hicho, ambacho ni kauli ya kutendesha ya kupita, kimekuwa nchini Tanzania istilahi ya miradi mikubwa. Wakazi wa mahali ambapo patajengwa barabara, bandari au maelfu ya nyumba huitwa watu "wanaopisha mradi". Lakini mradi haupiti. Mradi hukaa, na aliyepisha harudi. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kufuata maneno machache ya aina hiyo, ni jambo gani hasa lililopingwa na wakazi wa Kigamboni. Ni kosa kudhani kwamba walizikataa nyumba au lami.

Kigamboni iko ng'ambo ya lango la bandari ya Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kivuko cha Magogoni ndicho kilichokuwa njia fupi ya kufika huko, na mwendo wa dakika chache majini ulitosha kutenga jiji upande mmoja, na minazi, mikorosho na mihogo upande wa pili. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kuwa eneo hilo, likiwa na kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema na Kibada, litakuwa eneo la mipango ya mji, kwa kutumia Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ili pajengwe mji wa kisasa. Tangu hapo uendelezaji mpya ukazuiliwa.

Jina lililochaguliwa lilikuwa Mji Mpya. Msomaji ataona kwamba kivumishi hicho kinatenda kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwani mpya hudai kuwepo kwa kikuukuu kinachoondolewa, ama hudai kwamba hapo awali hapakuwa na kitu. Na neno mji katika Kiswahili halina maana ya majengo mengi tu. Ni makao ya watu wa ukoo mmoja, pamoja na uwanja wao, visima vyao na wafu wao. Kwa mantiki hiyo Kigamboni ilikuwa na miji mingi kabla ya mwaka 2008. Mmojawapo ulijulikana tayari kwa jina la Mjimwema, na ukajikuta ndani ya mipaka ya mji mpya.

Tukio hilo, aidha, halikuwa la kwanza. Upande huohuo wa bahari kuna Gezaulole, kijiji cha ujamaa cha mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambacho jina lake hufasiriwa "jaribu uone", na ambacho kilipokea watu waliotolewa jijini kwa kuwa hawakuwa na kazi. Kisha ukaja mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ambao uligeuza mashamba ya pembezoni mwa Dar es Salaam, yakiwemo ya Kibada na Gezaulole, kuwa viwanja vilivyopimwa vya makazi. Malalamiko ya fidia ndogo yalifuata. Kwa hiyo tangazo la mwaka 2008 liliwafikia watu waliokwisha kujifunza msamiati wake.

Neno fidia ndilo lenye uzito kuliko yote. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni malipo ya kumkomboa mtu au kitu. Katika sheria ya dini ni kile anachotoa asiyeweza kufunga saumu badala ya saumu yenyewe. Katika matumizi hayo yote, mwenye kufidia ndiye mwenye kupata kitu au kuondokewa na deni. Katika sheria ya ardhi mwelekeo umegeuka: anayelipa ndiye anayetwaa, na anayelipwa ndiye anayebaki bila kitu kile.

Je, hulipwa kwa kitu gani? Hapa historia ni ndefu, lakini kiini chake ni kifupi. Ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa miongo mingi ilieleweka kutokana na hayo kwamba udongo wenyewe hauna bei, na kwamba mtu hulipwa maendelezo yake tu, yaani mnazi, mkorosho, nyumba na kisima. Mwenye shamba lenye minazi kumi alilipwa minazi kumi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka msingi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya upesi. Kanuni za mwaka 2001 zikafafanua zaidi: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, kodi ya nyumba ya miezi 36, na faida iliyopotea. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu ardhi itwaliwe, hutozwa riba.

Orodha hiyo ni nzuri, na mtu aisomapo akiwa mbali huenda akashangaa ugomvi umetoka wapi. Umetoka katika neno upesi. Upesi huhesabiwa tangu lini? Riba huanzia kwenye kutwaa. Basi ikiwa ardhi imetangazwa tu kuwa eneo la mipango, bila kutwaliwa, saa ya sheria haijaanza kwenda, ilhali saa ya mwenye shamba imekwisha kusimama. Haruhusiwi kuongeza chumba kwa ajili ya mwanawe aliyeoa, hapati mnunuzi wa bei ya kweli, na benki haioni dhamana katika nyumba ambayo huenda ikabomolewa. Hali hiyo haina jina katika orodha ya posho. Wakazi waliiita zuio. Hii ndiyo sababu katika mikutano ya miaka ile swali la "mtatulipa kiasi gani" lilifuatana daima na swali la "lini", na la pili lilikuwa kali kuliko la kwanza.

Yafaa sasa kuangalia vitenzi. Kutoka kwenye mzizi mmoja, hama, Kiswahili hupata hamia, hamisha na hamishwa. Mwenye mradi huelekea kusema kwamba wananchi "watahama". Mwenye shamba husema "tunahamishwa". Tofauti si ya hisia tu bali ni ya sarufi. Katika kuhama, mtendaji ni yuleyule anayeondoka, na hakuna wa kuulizwa. Katika kuhamishwa, kuna mtendaji aliyefichwa, naye anaweza kutajwa kwa kiunganishi na: kuhamishwa na nani? Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi wa swali hilo, kauli ya kutenda huufunga. Ama kupisha huenda mbali zaidi, kwani hulifanya tendo la kulazimishwa lionekane kuwa adabu, na anayekataa kupisha huonekana mtu asiye na adabu, aliyeziba njia ya wengine.

Kuna kundi moja tu la wakazi ambalo kitenzi cha kupisha hakikuweza kulifaa, nao ni wafu. Makaburi hayapishi wala hayahami. Sheria ya mwaka 1969 inayoyahusu husema wazi habari ya kuyahamisha. Inastaajabisha kwamba ukweli wa tendo ulisemwa kwa wasioweza kuusikia.

Msomaji wa Kongo asidhani kwamba mambo haya ni ya pwani tu. Kwetu pia, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Dola peke yake, isiyoweza kuhamishika mikononi mwake, na utwaaji kwa ajili ya manufaa ya umma unaongozwa na sheria ya tarehe 22 Februari 1977. Tofauti moja yastahili kuangaliwa. Kifungu cha 34 cha Katiba ya mwaka 2006 kinataka malipo ya haki na yenye kutangulia. Kutangulia na upesi ni mambo mawili mbalimbali: la kwanza linaweka malipo mbele ya tendo, la pili linayaacha nyuma yake, ingawa karibu. Kwamba desturi hufuata maandishi ni habari nyingine. Hata hivyo mwenye lupango wa Lubumbashi, akijua neno lililomo katika Katiba yake, ana hoja ambayo jirani yake wa Kigamboni hakuwa nayo. Tatizo ni kwamba neno hilo limeandikwa kwa Kifaransa, na katika Kiswahili cha Kongo bado hatuna istilahi moja iliyozoeleka ya kulitafsiri. "Malipo ya mbele" hueleweka sokoni kuwa ni arubuni, yaani sehemu ya bei, wala si bei nzima. Kazi hiyo ingefaa idara za Kiswahili kuliko nyingi zinazofanywa.

Mji Mpya wenyewe haukujengwa kama ulivyochorwa. Wakala maalumu ulioundwa kwa ajili yake ulivunjwa baadaye. Kigamboni ikawa wilaya kamili, ikitengwa na Temeke, na Aprili 2016 likafunguliwa daraja lenye urefu wa mita 680 linaloiunganisha na Kurasini. Tangu hapo mashamba mengi yamegeuka makazi bila mpango kabambe wowote kuyafikia: mwenye shamba humwita mpimaji, hukata viwanja, huuza kimoja kimoja na kubakiza alipojenga. Watu wa huko husema "nimekata", kwa nafsi ya kwanza.