Goma: Apareyi ya picha ya kadiri, inasaidia wapi na inashindwa wapi?

Siku ya Jumamosi mu kata ya Murara, komuni ya Karisimbi, ni vigumu kumaliza mchana bila kusikia honi za magari ya ndoa. Mbele ya bibi na bwana harusi, mara nyingi kuko kijana mmoja anayetembea kinyumanyuma, apareyi nyeusi kwenye jicho, mufuko begani. Yeye ndiye anabeba kazi isiyorudiliwa. Pete inavalishwa mara moja. Kama picha haikutoka, hakuna atakayeita wageni warudi kesho.

Vijana wengi wa Goma wanaotaka kuishi kwa kazi hii wanaanza na swali moja: ninunue apareyi gani? Franga yenyewe mara nyingi imetoka kwenye likelemba, ao ni ya kaka na dada waliochangia. Ile ndogo ya wanaoanza bei yake ni nafuu, lakini inachoka mapema. Ile ya wataalamu wakubwa, bei haishikiki. Katikati kuko zile za kadiri, zenye kioo ndani, ambazo leo zinapatikana zaidi zikiwa za okazio. Kabla ya kutoa franga, ni vizuri kujua zinatoa nini na zinakataa nini.

Mfano mzuri ni Canon EOS 80D, iliyotoka mwaka wa 2016. Wakati ule, huko Marekani, mwili wake bila lenzi uliuzwa dola 1199. Ndugu yake wa upande mwingine ni Nikon D7200, ya mwaka wa 2015. Zote mbili zinatoa picha za megapikseli 24, na hii inatosha kabisa kwa albamu na hata kwa picha kubwa ya kutundika ukutani.

Nguvu zake

Nguvu ya kwanza ni bateri. Ndani ya apareyi ya aina hii kuko kioo kidogo kinachopeleka mwangaza wa lenzi moja kwa moja kwenye jicho la mpiga picha. Anayetazama kwa ile tundu ya juu hatumii skrini, kwa hiyo umeme hauliwi sana. Kwa kipimo cha viwanda, bateri moja ya 80D inafikisha picha 960, na ile ya D7200 inafikisha 1110. Mu muji ambamo umeme unaweza kukatika wakati unataka kuchaji, hiyo si jambo dogo. Lakini ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma, sawa vile watu wanashika simu, 80D inashuka mpaka karibu picha 300. Bateri ni ile ile, ila namna ya kushika imebadilika.

Nguvu ya pili ni jua. Saa sita mchana, wakati skrini ya simu haionekani vizuri, ile tundu inaonyesha kila kitu wazi, bila kuchelewa hata kidogo. Na 80D inaweza kutoa picha 7 kwa sekunde moja. Mtu akiruka mu dansi, kati ya picha hizo kuna moja itakayokuwa nzuri.

Ya tatu ni kupiga mu RAW, yaani picha mbichi ambayo apareyi haijaipika. Faida yake inaonekana zaidi siku ya ndoa. Gauni jeupe linadanganya kipimo cha mwangaza: apareyi inadhani kuko mwangaza mwingi sana, inapunguza, na nyuso za watu zinatoka nyeusi tii, bila macho wala tabasamu. Dawa ya kwanza ni kuongeza mwangaza kwa mkono kabla ya kupiga. Dawa ya pili ni RAW, juu inaruhusu kuinua nyuso baadaye kwenye kompyuta bila kuharibu ngozi.

Jambo lingine dogo lakini lenye maana: taa nyingi za ukumbi zinawaka na kufifia haraka sana, jicho halioni, lakini picha moja inatoka nyeupe na inayofuata inatoka ya manjano. 80D iko na mpangilio wa kungoja taa iwake vizuri ndipo ipige. Iko pia na Wi-Fi yake yenyewe, kwa hiyo picha inaingia kwenye simu ya mteja bila kununua megabaiti.

Udhaifu wake

Udhaifu wa kwanza, mteja atauona yeye mwenyewe: video. 80D na D7200 zinafika Full HD tu, hazina 4K, wakati simu nyingi za leo ziko nayo. Zaidi ya hapo, 80D inajizima baada ya dakika 29 na sekunde 59 za kurekodi mfululizo. Mchungaji akihubiri dakika 40 na mpiga video hakukumbuka kubonyeza tena, mahubiri yatakatika katikati. Anayefanya video azoee kutazama saa.

Udhaifu wa pili ni giza. Sensa ya apareyi hizi ni ndogo kuliko ile ya apareyi za bei kubwa. Ukumbini usiku, ukipandisha ISO kupita 3200, vichembe vinaanza kuonekana kama mchanga juu ya picha. Na fleshi ile inayoinuka juu ya apareyi haifiki mbali, ni mita tatu ao nne. Kupiga jukwaa kutoka nyuma ya ukumbi kwa fleshi hiyo ni kumaliza bateri bure.

Udhaifu wa tatu ni vumbi. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ilipita katikati ya muji mwezi wa Januari 2002, na volkano ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021. Mu barabara ambazo hazina lami, kila motari anayepita anainua vumbi jeusi na kali. Mwili wa 80D unajikinga kidogo na vumbi na matone ya mvua, lakini lenzi nyingi zinazouzwa pamoja nayo hazijikingi. Ukibadilisha lenzi kando ya barabara, vumbi linaingia mpaka kwenye sensa na kila picha ya anga inabeba madoa yale yale. Lenzi ibadilishwe ndani ya nyumba ao ya gari, apareyi ikitazama chini. Kupuliza kwa mdomo hapana, juu mate yanafika pia. Kuko kipulizio cha mpira cha kazi hiyo.

Mwisho kuko uzito na ukubwa. 80D yenyewe, bila lenzi, iko na gramu 730. Inaonekana mbali, na mwenye kuishika barabarani anaulizwa maswali ambayo mwenye simu haulizwi. Kuomba ruhusa kwa wenye eneo mapema, na kutoelekeza lenzi kwa askari wala kwa vizuizi, ni sehemu ya kazi.

Karti moja ao mbili?

Hapa ndipo wengi hawatazami, na ndipo hasara kubwa inatokea. 80D inapokea karti moja tu ya kuhifadhi picha. D7200 inapokea mbili, na inaweza kuandika kila picha kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Karti ikiharibika usiku wa ndoa, mwenye D7200 bado iko na picha. Mwenye 80D atabaki na kazi ya kuomba msamaha kwa familia mbili.

Anayetumia 80D anaweza kupunguza hatari hiyo. Asipige ndoa nzima kwenye karti moja kubwa. Karti ya gigabaiti 32 inabeba karibu picha 1000 za RAW. Afadhali abadilishe: moja ya kanisani, moja ya ukumbini. Tena anakili zote kwenye kompyuta usiku ule ule, mbele ya kulala.

Kununua za okazio

Sehemu inayofunguka na kufunga kila picha inapopigwa iko na maisha yake. Kwa 80D, kiwanda kinahesabu picha 100 000, kwa D7200 picha 150 000. Mpiga picha anayetoa picha 1500 kila Jumamosi anamaliza hesabu ya 80D kwa Jumamosi 66, ni kusema mwaka mmoja na miezi mitatu. Baada ya hapo inaweza kuendelea bado, ao inaweza kukatika siku yoyote. Kwa hiyo usoni apareyi inaweza kung'aa kama mpya na ndani imechoka.

Nikon inaandika hesabu hiyo ndani ya kila picha. Canon kwa kawaida haiandiki, inahitaji programu ya kompyuta. Muuzaji akikataa ihesabiwe, mnunuzi ajiulize sababu. Jaribio lingine halina gharama: funga lenzi mpaka f/16, piga anga ao ukuta mweupe, kisha kuza picha. Madoa ya vumbi yataonekana pale.

Kuko pia swali la kesho. Canon na Nikon zimehamishia nguvu zao kwenye apareyi zisizo na kioo. Ile ya Canon iliyofuata 80D, yaani 90D, ilitoka 2019, na hakuna nyingine ya daraja lake iliyokuja baada yake. Ndiyo inafanya bei ya okazio kushuka. Lakini lenzi zenyewe hazipotei: lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza 1987, zinaingia kwenye 80D, na kwa kutumia adapta zinaingia hata kwenye apareyi mpya za EOS R.

Kwa hiyo anayeanza na franga kidogo asiimalize yote kwenye mwili wa apareyi. Lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8 ilitoka 2015 kwa dola 125. Ukilinganisha na lenzi ya kawaida iliyovutwa mpaka f/5.6, inaingiza mwangaza karibu mara 10 zaidi, na hii ndiyo inaokoa picha za ukumbini. Mu chumba kidogo itabana, mpiga picha atagonga ukuta na mgongo, kwa hiyo ile lenzi ya kawaida ibaki mu mufuko. Aongeze bateri ya pili na karti mbili tatu za kuaminika. Apareyi ya okazio yenye vitu hivyo itamaliza ndoa. Apareyi mpya yenye bateri moja na karti moja, itategemea bahati.