Kumrekebisha Karani Mpya

Kila mwaka, msimu wa korosho unapowadia Bagamoyo na vijiji vya pwani kaskazini ya Dar es Salaam, vyama vya msingi huhitaji makarani wa mizani. Wengi wao ni vijana ambao hawajapata kuishika kazi hiyo. Kukosea kwao si ajabu. La ajabu ni Katibu kuyaona makosa akanyamaza, kisha akayatangaza mbele ya wanachama siku ya mkutano mkuu.

Ukimya huo haupatani na taratibu za ajira. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinaelekeza kwamba muda wa majaribio usizidi miezi 12. Katika muda huo mwajiri hutakiwa kuipima kazi ya mwajiriwa, kukutana naye mara kwa mara na kumwongoza. Asipofikia kiwango, yapasa aelezwe, asikilizwe na apewe nafasi ya kujirekebisha.

Chukulia kwamba gunia tupu lina uzito wa kilo 1, lakini karani hukata kilo 2. Mkulima mwenye magunia 30 amepunjwa kilo 30 za jasho lake. Kumwita karani mzembe hakumfundishi kitu. Katibu na amwite kando, wapime gunia tupu pamoja, kisha amwulize: "Kijana wangu, katika stakabadhi za jana umekata kilo 2 kwa kila gunia. Imekuwaje?" Baada ya hapo asikilize. Huenda karani aliipokea desturi hiyo kwa aliyemtangulia. Ikiwa ndivyo, chama kizima kina la kurekebisha.

Hesabu ziandikwe upya, mkulima apewe haki yake, na karani aambiwe siku ambayo kazi yake itakaguliwa tena. Jema alilofanya nalo litajwe, maadamu ni la kweli.

Hata hivyo, upole usiwe pazia la kuficha uovu. Anayepunja kwa makusudi hastahili somo la mzani, bali hatua za nidhamu.

Mkulima aliyepunjwa mara moja huweza kumpelekea mlanguzi mzigo wake wa pili. Samaki hukunjwa angali mbichi. Karani naye arekebishwe katika juma la kwanza, kabla stakabadhi zenye makosa hazijawa rundo.