Upepo wa Matairi ya Trela na Tawakkul

Miongoni mwa Waislamu wakaao Marekani na Kanada, wakiwamo ndugu zetu wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki, wako wanaosafiri siku za mapumziko ya shule kwa trela dogo la kulala, linalokokotwa na motokaa. Manufaa yake kwa jamaa ya Kiislamu ni dhahiri: chakula cha halali hupikwa humohumo, wanawake hupata sitara, na mahali safi pa kusali hapakosekani. Lakini nyumba hiyo yenye kutembea aghalabu hubebwa na matairi mawili tu, ambayo dereva hayaoni wala hayahisi.

Yafaa tufahamu hatari iko wapi. Tairi la mbele la motokaa likipungua upepo, usukani humwambia dereva. Tairi la trela halina wa kulisemea. Huweza kupungua kidogo kidogo, ubavu wake ukijikunja na kukunjuka kila linapozunguka, na joto likizidi ndani ya mpira, mpaka likapasuka. Hapo trela huyumba, pengine likapindua hata motokaa inayolivuta, na walio nyuma barabarani wakaingia katika msiba wasiousababisha.

Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria baada ya matairi yaliyobanduka kuua watu wengi. Na tangu Septemba 2007 motokaa ndogo mpya zote huko hupaswa kuwa na chombo cha kumwonya dereva upepo upunguapo. Sheria hiyo haikuyagusa matrela. Basi mwenye trela hana budi kujinunulia mwenyewe.

Kazi ya chombo hicho si ngumu kuielewa. Kila valvu hufungwa kipimio kidogo mfano wa kifuniko, chenye betri iliyo kama kifungo cha nguo. Kipimio hupeleka habari za upepo na joto kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye kioo kidogo kilicho mbele ya dereva. Mawimbi yakipotea njiani, huwekwa chombo cha kati cha kuyapa nguvu. Vipimio vizito vyataka valvu za chuma, si za mpira.

Wakati bora wa kupima ni baada ya sala ya Alfajiri, matairi yakiwa baridi na jua halijapiga upande mmoja. Fuata kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha trela. Hali ya hewa ikipoa kwa digrii 10 za Farenihaiti, tairi hupoteza kama ratili 1 kwa inchi ya mraba, au zaidi kidogo. Kwa hivyo pima kila asubuhi ya safari. Mtakapotua kusali Adhuhuri mtaona namba imepanda: hilo ni joto la mwendo. Msitoe upepo wakati huo, kwani tairi likipoa litakuwa pungufu.

Hata hivyo chombo hiki kina mpaka wake. Hakioni mpira uliozeeka, wala hakimpunguzii mzigo aliyezidisha. Umri wa tairi husomwa ubavuni, katika tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Wako wasemao, "Ajali ikifika haina kinga, vyombo vya nini?" Maneno hayo ni nusu ya haki. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake, akafundishwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kipimio hiki ni kamba ya ngamia wa zama hizi. Akifungaye hakupunguza imani yake. Amehifadhi amana ya watoto waliolala kiti cha nyuma, na ya wasafiri asiowajua. Baada ya hapo isomwe dua ya safari, na moyo utulie.