Kumjua Mnunuzi Kabla ya Kupanda

Uuzaji huanza kwa kumjua mnunuzi. Katika kitabu chake cha mwaka 1954, The Practice of Management, Peter Drucker alishikilia kwamba biashara ipo ili ipate wateja. Kwa kijana wa Ronge, katika kaunti ndogo ya Mwatate, anayetaka kuuza mboga kwa mara ya kwanza, maana yake ni kwamba safari ya kwanza ya Voi heri aende mikono mitupu, akauliza.

Ronge Juu iko milimani, kwenye ubaridi unaofaa kabeji, sukuma wiki na migomba; Ronge Nyika ni chini, penye joto na ukame. Kosa la wengi wanaoanza milimani ni kupanda alichopanda jirani, kisha kumuuliza jirani huyo huyo kama mazao ni mazuri. Jirani hanunui. Wanunuzi wako Mwatate, Voi na Mombasa, na kila mmoja ana shida yake.

Mama mboga wa Voi hununua kidogo kila siku, na huangalia kwanza kile ambacho familia moja itamaliza kwa mlo mmoja. Hoteli za kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi hupikia abiria na madereva wa malori mchana na usiku. Kwao, mzigo usiofika ni hasara kubwa kuliko bei kupanda kidogo. Loji za Tsavo zinataka ubora usiobadilika, na mara nyingi malipo husubiriwa. Soko la Kongowea, Mombasa, humeza mali nyingi, lakini bei hupanda na kushuka kulingana na malori yaliyoingia alfajiri.

Mengi ya haya hujulikana kwa kuuliza, na kuuliza kuna namna yake. Swali la "Nikileta utanunua?" halina faida, kwa sababu mtu mwenye adabu hapendi kumvunja mgeni moyo, atasema ndiyo, na siku ya mzigo hatapatikana. Maswali yanayozaa ukweli ni ya mambo yaliyokwisha kutendeka: wiki iliyopita alinunua nini, kwa nani, kwa bei gani, kiasi gani kilioza, na mara ya mwisho alibadilisha muuzaji kwa sababu gani. Wakati nao una uzito. Mama mboga anayepanga meza yake asubuhi hana nafasi ya mazungumzo. Wateja wakishapungua, ataeleza mengi. Anayeuliza na amwache aseme, kisha aandike daftarini kabla hajasahau. Watu kadhaa wakilalamikia jambo moja bila kuulizwa, hapo pana nafasi ya biashara.

Majibu hayo ndiyo yanayopanga shamba. Mwezi wa Ramadhani, mahitaji ya vyakula vya kufuturu hubadilika Mombasa, na mwezi huo huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hivyo kalenda ya mwaka jana haitoshi. Shule za bweni hufunguliwa Januari zikiwa na vinywa vingi vya kulisha. Kabeji huchukua takriban miezi 3 tangu kutolewa kitaluni hadi kuvunwa, na mche hukaa kitaluni karibu mwezi mmoja. Anayelenga shule za Januari, basi, husia mbegu mwanzoni mwa Septemba na kuhamisha miche Oktoba, mvua za vuli zinapoanza.

Hata hivyo, maneno ya mnunuzi hayatoshi. Mzigo mdogo wa kwanza, ukilipiwa taslimu au kwa M-Pesa, huonyesha kama aliyoyasema alimaanisha. Akiagiza tena mwenyewe, ndipo inafaa kuongeza eneo la kupanda.

Kwa anayekusudia kupanda vuli hii, Agosti ndio mwezi wa kuzungukia jikoni za shule na hoteli za Voi, mbegu zikiwa bado dukani.