Nani Anayeichunga Saa ya Shule?

Mwanafunzi anayechelewa darasani kwa dakika saba huulizwa maswali mengi. Saa ya shule inayotangulia kwa dakika saba haiulizwi na yeyote. Nimelitafakari jambo hili tangu siku ile ambapo, katika shule niliyokuwa nikifundisha Fizikia, kengele ililia, karatasi za mtihani wa kufunga muhula zikakusanywa, na msichana mmoja akabaki na kalamu mkononi, jibu la swali la mwisho likiwa nusu. Alilalamika kwamba wakati haujaisha. Alikemewa. Jioni, nilipoilinganisha saa ya ofisini na taarifa ya habari redioni, niligundua kwamba mtoto alisema kweli. Alama zake hazikurudishwa, maana hapakuwa na mwalimu aliyekuwa tayari kuishtaki saa.

Likizo ilipofika nilimwita yeye pamoja na kijana mmoja wa jirani, sote tukiwa wakazi wa Kaloleni, tuunde saa isiyodanganya. Mtaa wetu, msomaji asiyeujua, ulijengwa katika miaka ya 1940, na inasimuliwa kuwa mateka wa vita wa Kiitaliano walishiriki kuujenga. Una ukumbi wa jamii ambamo akina Tom Mboya walihutubu, na maktaba ya umma. Mambo makubwa yameanzia hapa; sikuona sababu ya saa kutushinda.

Karibu na Barabara ya Jogoo fundi mmoja aliniuzia deki ya video iliyokufa, kwa bei isiyozidi ya chai na mandazi. Nilichokitaka ni kile kioo cha mbele kilichokuwa kikionyesha tarakimu za rangi ya kijani iliyochanganyika na samawati. Vijana wengi wa leo hawajawahi kukitazama kwa karibu. Ni ndugu ya vali za redio za babu zetu: chupa bapa iliyonyonywa hewa yote. Ndani yake mna nyuzi za waya mwembamba kuliko unywele, ambazo zikipashwa moto hutoa elektroni. Elektroni hizo hupita kwenye wavu na kuvutwa na vibamba vilivyopakwa unga maalumu, na kila kibamba kinachopigwa hung'aa. Aina hii ilibuniwa Japani mwaka 1967. Hutosheka na volti thelathini hivi, tofauti na zile taa za neoni zilizoitangulia, ambazo hudai zaidi ya volti mia moja na hamsini. Mwalimu anayewaruhusu watoto kushika nyaya hana budi kuizingatia tofauti hiyo.

Siku tatu tulizimaliza tukitafuta mguu upi wa kioo unawasha kibamba kipi, tukiandika kila jibu katika daftari. Naam, kazi hiyo huchosha. Ndiyo iliyonifunza, baada ya miaka mingi ya kuandika ubaoni, kwamba yule msichana aliyekemewa ana subira kunishinda.

Kioo kilipotii, tulihitaji mwenye kukiambia saa ngapi. Hapo nilijivuna mapema. Jamaa yangu alikuwa ameniletea kutoka Ujerumani kipokezi kidogo cha mawimbi ya DCF77, kituo cha Mainflingen, karibu na Frankfurt, ambacho hutangaza wakati wa saa za atomiki kwa masafa ya kilohezi 77.5. Kule Ulaya saa za ukutani hujirekebisha zenyewe usiku kwa mawimbi hayo. Tulikizungusha kipokezi huku na huko usiku kucha. Hatukuambulia ila mikwaruzo. Kijana akaleta ramani na rula. Kituo kile husikika vizuri hadi kilomita 2,000 hivi. Sisi tuko zaidi ya kilomita 6,000. Laiti ningepima kabla ya kujisifu!

Lakini anga la Kaloleni si tupu. Setilaiti za GPS, zinazozunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, kila moja imebeba saa za atomiki, nazo hutangaza wakati kwa redio mchana na usiku bila kubagua Frankfurt na Nairobi. Kwa fundi yule yule tulipata kipokezi kilichong'olewa katika kifaa kikuukuu cha kufuatilia magari. Tulikitia lehemu, tukakiweka dirishani kwa sababu mawimbi hayo hayapenyi mabati, na baada ya muda tarakimu zikajipanga.

Tuliwasha redio tusikilize milio sita ya BBC, ambayo imekuwa ikitangaza saa tangu Februari 5, 1924. Mlio wa sita, ulio mrefu, ndio unaoanza saa mpya. Msichana akasema, "Mwalimu, saa yetu imetangulia kwa sekunde mbili." Nilikuwa na jibu tayari: redio ndiyo iliyochelewa, kwa kuwa matangazo husafiri njia ndefu. Hakuridhika. Aliendelea kuitazama saa, na dakika chache baadaye akapiga ukelele: saa ilikuwa imerudi nyuma sekunde mbili, yenyewe.

Tulivyochunguza tukaelewa. Dunia haizunguki kwa usawa kamili, hivyo wakati wa kimataifa umekuwa ukiongezewa sekunde moja moja. Saa ya GPS haiongezewi, na tangu Januari 1, 2017 imeutangulia wakati huo kwa sekunde 18. Setilaiti huitangaza tofauti hiyo, ila ujumbe wao mzima huchukua dakika kumi na mbili na nusu kupokewa. Kipokezi chetu, kilichoundwa kabla ya katikati ya mwaka 2015, kilikuwa kikikumbuka sekunde 16 hadi kiliposahihishwa. Kwa hiyo kwa mara ya pili mtoto yule alisema kweli kuhusu saa, na safari hii aliyembishia ni mimi.

Ubishi wa mwisho ulikuwa wa lugha. Kijana alitaka saa ya Kiswahili. Kwa nini tuone 2 na kutamka nane? Kikokotozi hakijali: wakati wa Kenya ni wa kimataifa kuongeza saa 3, ukitaka saa ya Kiswahili, toa 3 badala ya kuongeza. Saa nane mchana kwetu, saa za ukutani kule Buenos Aires husoma 8. Tulibadilisha mstari mmoja wa programu, na sasa alfajiri inapokwisha Kaloleni saa yetu husoma 12, kisha 1. Ningependa kuiona hivyo katika kila darasa la Kiswahili.

Shule ilipofunguliwa niliipeleka ofisini. Niliombwa stakabadhi ya ununuzi ili iandikwe katika daftari la mali. Sikuwa nayo. Basi imekaa katika dirisha la maabara, na kila asubuhi mwanafunzi wa zamu ya kengele huonekana akikatiza uwanja kuja kuitazama kabla ya kwenda kupiga.