Miaka Mitatu Mashambani: Mkataba Unaofuta Ahadi ya Kurudi

Katika kaunti nyingi za mashambani nchini Marekani, daktari aliye karibu na wananchi hakusomea Marekani. Alisomea Karachi, Manila, Lagos au Nairobi. Takriban robo ya madaktari wote wanaohudumu nchini humo walipata shahada zao za udaktari nje ya nchi, na wengi wa hao unaowakuta katika miji midogo walifikishwa huko na mkataba wa utumishi wa miaka mitatu. Madaktari vijana wa Afrika Mashariki wanaojiandaa kwa mitihani ya Marekani huuzungumzia sana mkataba huo, ila mara nyingi huujua nusu. Wanajua kwamba unafungua mlango wa kubaki. Unamfunga nani, kwa lipi, na nani anapoteza, hayo hayazungumzwi. Nataka kuueleza wote, kwa sababu ndani yake kuna ahadi iliyotolewa kwa ajili ya wagonjwa wa huku kwetu, na ahadi hiyo hufutwa bila sisi kuulizwa.

Tuanze na njia ya kuingia. Daktari aliyehitimu nje, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, kwa kawaida hawezi kutibu Marekani mpaka afaulu mitihani ya leseni iitwayo USMLE, athibitishwe na ECFMG, chombo kilichoanzishwa mwaka 1956, kisha apate nafasi ya mafunzo ya ubingwa katika hospitali ya huko. Mafunzo hayo huchukua miaka mitatu kwa magonjwa ya ndani, tiba ya familia au watoto, na zaidi kwa fani nyingine. Wengi huingia kwa viza ya J-1. Viza hiyo ina sharti zito: ukimaliza mafunzo, urudi kwenu ukae miaka miwili kabla ya kuomba viza ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu.

Sharti hilo linaanzia kwetu. Ili ECFMG imdhamini daktari kwa viza hiyo, inataka barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi yake. Barua hiyo husema mambo mawili: kwamba nchi inahitaji mabingwa wa fani anayokwenda kusomea, na kwamba mwombaji ameahidi kwa maandishi kurudi kuitumikia. Kwa maneno mengine, kabla daktari Mtanzania hajapanda ndege, serikali yake imeshaandika rasmi kwamba inamhitaji na inamsubiri.

Sasa tazama jinsi ahadi hiyo inavyofutwa. Kwa wageni wengine wengi wenye viza ya J-1, barua ya serikali ya nyumbani inayosema haina pingamizi inaweza kuwaondolea sharti la kurudi. Kwa madaktari waliokwenda kwa mafunzo ya ubingwa, sheria imeifunga njia hiyo. Badala yake, mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha mpango uliopewa jina la Kent Conrad, seneta wa North Dakota, jimbo la mashamba makubwa na watu wachache. Kila jimbo lilipewa nafasi 20 kwa mwaka za kuwaombea madaktari msamaha wa sharti hilo. Mwaka 2002 nafasi ziliongezwa hadi 30, na ndiyo maana leo mpango unaitwa Conrad 30.

Daktari hupata kwanza ajira katika eneo lililotangazwa kuwa na uhaba wa madaktari. Idara ya afya ya jimbo humpendekeza, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hupitia ombi, na idara ya uhamiaji hutoa uamuzi. Akikubaliwa, lazima aanze kazi ndani ya siku 90, afanye saa 40 kwa wiki, na adumu hapo miaka mitatu akiwa na hadhi ya H-1B. Nafasi 10 kati ya zile 30 zinaweza kwenda kwa hospitali iliyo nje ya eneo la uhaba, mradi inawahudumia wagonjwa wanaotoka humo. California yenye watu zaidi ya milioni 38 ina nafasi 30, na Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina 30 zile zile. Kwa hiyo mahali daktari anapoangukia hutegemea pia ni jimbo gani bado lina nafasi.

Kipimo cha uhaba chenyewe kinastahili kutazamwa. Eneo huhesabiwa kuwa na upungufu wa huduma za msingi likiwa na watu 3,500 au zaidi kwa daktari mmoja, au 3,000 pale mahitaji yanapokuwa makubwa kupita kawaida. Pima kwa kipimo hicho Kigoma, Turkana au Karamoja. Wilaya ambayo Mmarekani anaiita yenye uhaba, kwetu ingehesabiwa kuwa na neema. Hata hivyo sidharau shida yao. Wahitimu wa Marekani hutoka vyuoni na madeni makubwa na hukimbilia mijini, na tangu mwaka 2010 zaidi ya hospitali 100 za mashambani zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa. Mama mjamzito wa huko anayesafiri saa mbili kutafuta wodi ya uzazi ana haki ya kupata daktari.

Mkataba una meno. Daktari akiacha kazi kabla ya miaka mitatu, sharti la kurudi nyumbani humrudia, na njia ya ukaazi wa kudumu hufungwa mpaka alitimize. Anaweza kuhamia kituo kingine pale tu penye sababu ya dharura inayokubalika, kwa mfano hospitali yake kufungwa. Mwajiri anayelijua hilo anaweza kumlundikia zamu akijua hana pa kwenda. Kwa hiyo, kijana unayefikiria njia hii, usisaini kwa furaha tu. Uliza kama zamu za kuitwa usiku zinahesabiwa katika zile saa 40. Angalia kama kuna kifungu cha kukuzuia kufanya kazi jirani baada ya mkataba, na fidia utakayodaiwa ukiondoka. Tafuta wakili wa uhamiaji wako mwenyewe, kwa sababu wakili wa hospitali ni wa hospitali.

Kwa haki, ukilinganisha na nchi nyingine, miaka mitatu si kifungo kirefu. Australia, tangu mwaka 1997, daktari aliyesomea nje hawezi kwa kawaida kulipwa na Medicare, bima ya umma, kwa miaka 10 isipokuwa afanye kazi katika maeneo yenye upungufu. Ontario, Kanada, imekuwa ikidai miaka mitano ya utumishi kwa waliosomea nje wanaopata nafasi ya mafunzo ya ubingwa. Naona mpango wa Conrad umebuniwa vizuri kuliko hiyo miwili: muda unajulikana, mwisho upo, na mwajiri naye anabanwa.

Kasoro yake ni kwamba umebuniwa kwa faida ya upande mmoja. Mpango unachukua deni ambalo daktari anadaiwa na nchi moja, unalihamisha, na linalipwa kwa nchi nyingine. Wizara iliyoandika kwamba inamhitaji haiombwi ridhaa, isipokuwa pale serikali ilipomgharimia kwa mkataba wa kurudi. Haipati mtu wa kuziba pengo, wala hailipwi fidia. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kimataifa inahimiza nchi tajiri zisiwafuate kwa makusudi wahudumu wa nchi zenye uhaba mkubwa, lakini ni ya hiari. Orodha ya mwaka 2023 ya nchi 55 zinazostahili kulindwa ina Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Lakini hatuwezi kuwalaumu Wamarekani peke yao. Mgomo wa madaktari nchini Kenya mwaka 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kimojawapo kilikuwa madaktari wanagenzi: kupangiwa vituo na kulipwa malipo yaliyokubaliwa. Tanzania nayo ina madaktari waliohitimu wanaosubiri ajira huku vituo vikiwa na upungufu. Barua inaposema tunamhitaji bingwa wa moyo, na hakuna nafasi yake kwenye ikama wala mashine ya kufanyia kazi, barua hiyo haina uzito, na daktari anaujua ukweli huo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wizara zetu za afya zianze na jambo lisilohitaji fedha nyingi. Kila barua ya uhitaji inayotolewa iingizwe kwenye daftari pamoja na fani ya daktari, mwaka atakaomaliza na hospitali ya rufaa itakayompokea. Miaka miwili kabla hajamaliza, afisa wa wizara ampigie simu na amtajie cheo, mshahara na vifaa atakavyovikuta, kabla hospitali ya mashambani ya Marekani haijampigia.