Bilioni ni ngapi? Neno moja, hesabu mbili

Mfanyabiashara wa Goma akisikiliza habari za Kampala au Nairobi, anasikia neno "bilioni". Akigeukia habari za Kinshasa, anasikia "miliari". Hesabu ni ile ile: milioni elfu moja, yaani 1 yenye zero 9.

Shida iko kwenye Kifaransa. Lugha hiyo nayo ina neno "billion", lakini kwake ni milioni mara milioni, yaani 1 yenye zero 12. Anayetafsiri mkopo wa dola bilioni 2 kutoka Kiingereza na kuacha neno hilo jinsi lilivyo, amezidisha deni mara elfu moja.

Mwaka 1484, Mfaransa Nicolas Chuquet aliliandika neno hilo akimaanisha milioni mara milioni. Baadaye Wafaransa wengine walilitumia kwa milioni elfu moja, na Wamarekani wakashika maana hiyo. Waingereza walibaki na ile ya zamani. Mwezi Desemba 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alilijulisha bunge kwamba takwimu za serikali ya Uingereza zinafuata maana ya Kimarekani. Ufaransa ilikuwa imekwisha kwenda upande mwingine: mwaka 1961 iliweka katika sheria maana ya zero 12.

Kiswahili kimegawanyika kwa njia hiyo hiyo. Cha Tanzania na Kenya kimechukua bilioni ya Kiingereza, cha Kongo kimechukua miliari ya Kifaransa.

Trilioni nayo inachanganya. Kwa Kiingereza ina zero 12, kwa Kifaransa zero 18. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2023/24 ilipita shilingi trilioni 44. Kwa namna ya Kongo, hizo ni zaidi ya miliari 44 000.

Tangu DRC ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo hili si la walimu wa hesabu peke yao. Mikataba, bajeti na hati za forodha zinavuka mipaka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili.

Dawa yake ni rahisi: kabla ya kutia sahihi, dai hesabu iandikwe kwa tarakimu, kisha hesabu zero moja moja. Maneno hubadilika mpakani, zero hazibadiliki.